Sauti kwenye video ya ploti ni yangu

Mhariri,

Juma lililopita msomaji wako mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba wanaopoteza pesa kwa ploti za mitandaoni wamejitakia wenyewe, na kwamba wajinga ndio waliwao. Niliisoma barua hiyo kibarazani kwangu hapa Shela (Shela ya Malindi, si ile ya Lamu) mpaka chai ikanipolea mkononi. Nataka kumjibu, na naona nina haki ya kumjibu kuliko wengi, kwa kuwa katika moja ya video za kuuzia ploti hizo anayesema ni mimi.

Mimi ni mpiga mbiu. Mwaka huu natimiza miaka 26 katika kazi hii. Nilianza na baiskeli, bomba moja la spika na betri ya gari nyuma ya kiti. Sasa nina tuktuk yenye spika mbili juu ya turubali. Mtoto akipotea sokoni naitwa mimi. Maji yakikatwa, mechi ikiahirishwa, maulidi yakikaribia, chanjo ya watoto ikifika, naitwa mimi. Na mtu akifa, kabla sanda haijakatwa, jamaa zake huja kunigongea mlango. Nikipita Maweni au Barani nikaanza na "Inna lillahi", redio huzimwa, wanawake hutoka mlangoni na unga mikononi, kila mtu ametega sikio amjue ni nani. Hiyo ndiyo bidhaa niliyokuwa nayo miaka yote, na mwenyewe sikujua kama ni bidhaa mpaka alipokuja mnunuzi.

Mwaka juzi, mwezi wa Shaabani, kijana mmoja alinifuata stendi ya tuktuk. Alitoka Nairobi, mpole, shikamoo zake zimekaa sawa. Akaniambia kampuni yake inauza ploti upande wa bara na wanatafuta "sauti ya Pwani". Shilingi 3,000 kwa alasiri moja. Mbiu ya msiba mimi siitozi chochote ila mafuta ya tuktuk, kwa hiyo nilikubali kabla hajamaliza maneno.

Tulirekodia chumba cha hoteli. Godoro lilisimamishwa ukutani, feni ikazimwa, nami nikafunikwa blanketi kichwani kama mtu anayejifukiza mafua, maana kunguru wa Malindi hawajui kwamba watu wanafanya kazi. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye karatasi. Na karatasi hiyo, Mhariri, ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Ilikuwa kurasa mbili, imechapwa vizuri, imetiwa alama za rangi. Mstari mwekundu: nyamaza kidogo. Mstari wa manjano: tabasamu. Nikamuuliza kijana, "Nitabasamu, nani ataniona humu ndani ya blanketi?" Akanijibu, "Mzee wangu, tabasamu husikika." Nikajaribu. Wallahi, ni kweli, husikika. Miaka 26 nimeifanya kazi hii na jambo hilo nimefundishwa na mtoto wa miaka 25.

Tulianza na salamu. Toleo la kwanza, "Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh." Tulipomaliza akanipa karatasi nyingine, maneno yale yale, ila juu pameandikwa "Bwana asifiwe". Nikamwambia hilo litafutie mtu mwingine wa kulisema. Hakubisha. Baadaye nilikuja kulisikia toleo hilo, mtu mwingine anasoma, na nyuma yake kinanda cha kanisani badala ya dufu letu. Ploti ni zile zile.

Kisha ikaja sehemu ya hesabu. Hapa naomba msomaji wako wa juma lililopita atulie asome polepole. Kijana alinitaka niseme: "Zimebaki ploti ishirini pekee." Nikasema. "Sasa sema zimebaki kumi na mbili." Nikasema. "Zimebaki saba." "Zimebaki tatu." Kila moja mara mbili, moja kwa utulivu na moja kwa haraka haraka. Baada ya hapo, "Leo ndiyo siku ya mwisho." Na baada ya hiyo, "Kwa maombi ya wateja wetu, ofa imeongezwa hadi Jumapili." Yote alasiri moja, chini ya blanketi moja. Siku hiyo hakuna ploti hata moja iliyokuwa imeuzwa. Ofisi yenyewe ilikuwa haijafunguliwa, nilipita siku ya pili nikakuta mafundi wanapaka rangi mlango.

Nikuambie na la aibu. Majuma matatu baadaye video ilinifikia kwenye simu kupitia kundi la mtaa. Nikajisikia mwenyewe nikisema zimebaki saba, na moyo ukanipiga. Nilijua nilivyoisema, nilijua nilisema na tatu siku ile ile, lakini mkono ulishaanza kutafuta namba ya kijana. Nikamwambia mke wangu tuuze zile bati tulizoweka kwa ajili ya jiko la nje. Akaniuliza, "Zimebaki saba, nani kazihesabu?" Nikanyamaza. Sasa ikiwa mimi niliyezihesabu kwa kinywa changu nilitaka kununua, huyo aliyeko Gongoni hapa jirani au Doha kule Qatar ambaye hakuwahi kuniona nikitoka jasho chini ya blanketi, tumwite mjinga kwa kipimo gani?

Aliyeandika karatasi ile aliijua Pwani. Kulikuwa na sentensi moja niliyoisoma koo likanikaba: "Usife mgeni katika ardhi ya babu yako." Wasomaji wa bara huenda wasilielewe. Huku, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar wapeleke madai yao ya ardhi, na ardhi ambayo hakuna aliyeiombea hati ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Waliojua kusoma na waliokuwa na njia wakapata hati. Waliokuwa shambani hawakupata. Mpaka leo kuna wazee ambao mikanju yao (mikorosho) ilipandwa na babu zao na bado wanaitwa maskwota, watu wanaokaa kwenye ardhi isiyo yao. Mtu wa aina hiyo ukimtajia "hati miliki" hasikii karatasi. Anasikia baba yake ameitwa kwa jina. Mwandishi wa karatasi alilijua hilo, akatia mstari mwekundu baada ya neno "babu yako" ili ninyamaze. Nikanyamaza vizuri sana.

Halafu bandari. Karatasi iliitaja bandari ya Lamu mara nne, na kila kilichosemwa juu yake kilikuwa kweli: kwamba mradi ulizinduliwa Machi 2012, kwamba gati la kwanza lilifunguliwa Mei 20, 2021, kwamba barabara na reli zimepangwa kwenda Ethiopia na Sudan Kusini. Ila kutoka hapa Malindi hadi huko ni zaidi ya kilomita 200, na hilo halikuandikwa. Kweli ikitangulia mbele, uongo hupita nyuma yake bila kuulizwa, kama mtoto anayeingia uwanjani nyuma ya kanzu ya baba. Wenzetu wa Lamu wenyewe wanaijua kiu ya ardhi iliyoletwa na bandari: mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari zipatazo 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Kwa hiyo hata hati yenyewe, iliyotolewa na Serikali yenyewe, ina maswali yake. Video haina nafasi ya maswali hayo, inadumu dakika tatu.

Kuhusu picha, mimi si mtu wa picha, lakini nilikwenda kupaona mahali. Karatasi yangu ilisema "dakika kumi kutoka mjini". Nilitoka soko la zamani na tuktuk, nikashika barabara ya lango la Sala, la mbuga ya Tsavo Mashariki, nikaacha lami, nikaingia njia ya mchanga mpaka nikaona vigingi vilivyopakwa rangi nyeupe. Mita ya tuktuk ilisoma kilomita 19. Mpwa wangu anayefundisha hisabati alinipigia hesabu: kufika kwa dakika kumi ni kwenda mwendo wa kilomita 114 kwa saa, mwanzo hadi mwisho, mchangani. Tuktuk yangu ilitumia dakika 47 na ikazima mara moja. Tangu siku hiyo mtu akinitajia umbali kwa dakika, huuliza dakika za nani.

Na bahari. Kwenye video, ploti zinaonekana kijani, na juu yake, karibu kabisa, bahari ya samawati. Niliposimama pale sikuona bahari. Niliona mikoche, kichuguu, mbuzi watatu wa mtu na kijana mmoja aliyeniuliza kama ninauza simu. Nilidhani wamebandika bahari ya mahali pengine. Ndugu yangu aliyekuwa nahodha ndiye aliyenicheka. Akaniambia, "Wewe hujui kwa nini baharia hupandishwa mlingotini?" Mtu aliyesimama chini, upeo wa macho yake haufiki kilomita 5. Ukimpandisha mita 100, anaona kilomita 35 na zaidi. Droni ndiyo mlingoti wao. Bahari ile ni ya kweli, na ukiinunua ploti utaiona siku utakayojenga ghorofa thelathini.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Bei ilikuwa 499,000 iliyokatwa kwa mstari mwekundu, kando yake 299,000. Sikupata kukutana na mtu hata mmoja aliyewahi kuambiwa 499,000. Kisha nilitakiwa niseme "shilingi 833 tu kwa siku" kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa. Hizo 833 kwa siku ni 25,000 kwa mwezi, kwa miezi 12, juu ya 50,000 za kuanzia: jumla 350,000. Na "thumuni ya eka" ni futi 5,445 za mraba, ilhali ploti wanayoiita hivyo, ya futi 50 kwa 100, ni 5,000. Tofauti yake ni kama chumba cha futi 20 kwa 22. Watu huku wamefungana mahakamani kwa ukuta uliosogea futi mbili.

Walioshuhudia kwamba wamenunua na wamefurahi, mmoja wao alikuwa mhudumu wa hoteli ile ile, kavaa miwani ya jua. Alisema amenunua akiwa Qatar. Mhudumu huyo mimi namjua, safari yake ya mbali kabisa ni Mtwapa.

Lakini hapa pa hati nataka kukaa kidogo. Katika video anatokea kijana kashika hati miliki, karatasi inang'aa, muhuri unaonekana. Nilimrudia yule kijana mara kumi hivi kwenye simu ya mpwa wangu, tukisimamisha picha. Kidole gumba chake kimekaa mahali pale pale kila mara: juu ya namba ya kiwanja. Ukiwa na namba hiyo unaweza kwenda ofisi ya ardhi, au kumtuma wakili, ukafanya sachi rasmi, yaani kutafutiwa kumbukumbu za ardhi hiyo, kwa ada ndogo, ukaambiwa ardhi ni ya nani, ukubwa wake, kama ina mkopo wa benki, kama kuna mtu ameweka zuio isiuzwe. Bila namba hiyo una picha ya kidole tu. Na nilipoirudia karatasi yangu niliona kwamba hakuna mahali niliposema kampuni inamiliki ardhi. Nilisema "tunakuletea", nikasema "tunakukabidhi", nikasema "mradi wenye hati". Mradi wenye hati maana yake ipo hati moja, ile wanayoiita hati mama, ya shamba zima. Ya kwako itazaliwa baadaye, Mungu akipenda, mpimaji akilipwa, na bodi ya udhibiti wa ardhi ikitoa idhini.

Hilo la bodi wengi hawalijui, na nilikuwa mmoja wao. Ardhi ikiwa ni ya kilimo, kuikatakata na kuiuza kunahitaji idhini ya bodi hiyo. Idhini isipoombwa kwa muda uliowekwa na sheria, yale mauzo ni batili, ingawa pesa uliyotoa unaweza kuidai kama deni. Tena mkataba wa kuuziana ardhi sharti uwe wa maandishi, utiwe sahihi na wahusika, na shahidi ashuhudie. Sauti yangu tamu haimo. Niliyoyasema yote chini ya blanketi, mbele ya hakimu, ni hewa.

Na ile safari ya bure. Kila Jumamosi basi huondoka mjini saa tatu asubuhi kuwapeleka watu kuona ploti. Maji ya chupa, soda, na wakirudi wanapewa pilau. Mswahili akishakula pilau ya mtu atasemaje "nitafikiria"? Tumelelewa tukijua kwamba ukila kwa mtu una deni naye, hata kama deni lenyewe ni la maneno mazuri tu. Basi pale pale, mikono bado ina mafuta, linapita daftari la kujiandikisha: 5,000 za kushikilia, kwa M-Pesa, hazirudishwi. Kiasi kidogo ambacho mtu hawezi kuona haya kukitoa, na kikubwa cha kutosha asitake kukipoteza. Atakaporudi nyumbani na wasiwasi, ataongeza 50,000 kuziokoa zile 5,000. Na mbona ni Jumamosi? Hilo nililielewa nilipokwenda mwenyewe kutafuta sachi: ofisi za ardhi hufungwa Ijumaa jioni mpaka Jumatatu. Ofa inaisha Jumapili.

Sasa nifike kwa mama.

Kuna mama mmoja wa Muyeye anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Simtaji jina na nakuomba, Mhariri, usimtume mtu kumtafuta. Miaka minane iliyopita mimi ndiye niliyetangaza kifo cha baba yake. Mwaka jana, baada ya Idi, nilisimama kwake kununua mahamri ya watoto. Akakataa pesa yangu. Akanifungia mahamri kumi kwenye gazeti, akasema, "Ami, nimeshalipa mwezi wa pili." Nikauliza umelipa nini. "Ploti. Ile ploti yako." Nikamwambia mimi sina ploti. Akacheka, akadhani ninamtania. Akatoa simu kwenye kanga, akaifungulia, nikajisikia nikimwamkia kwa salamu ya Kiislamu. Akasema maneno ambayo mpaka leo hunirudia nikishika maikrofoni: "Sauti iliyonitangazia baba yangu haiwezi kunidanganya."

Alikuwa ameshatoa 5,000, kisha 50,000, kisha 25,000 mara mbili. Jumla 105,000. Hamri moja anauza shilingi 10. Ni mahamri 10,500, kabla hujatoa unga, nazi na mafuta. Pesa ya kuanzia ilikuwa zamu yake ya mchezo wa wanawake wa mtaa, aliyoingoja mwaka mzima.

Nilimpeleka Kilifi kwa matatu, Jumanne, tukiwa na wakili kijana ambaye ni mtoto wa rafiki yangu, aliyekubali kulipwa kidogo kidogo. Namba ya kiwanja tuliipata kwa shida. Ofisini kwao walituambia iko "kwenye mfumo", na mwishowe aliyetupa ni mzee mwenye mbuzi wale watatu, ambaye anakaa jirani na vigingi na amepigania mpaka wake miaka mingi. Sachi ilitoka. Shamba lipo, hati ipo, muhuri ni wa kweli. Mwenye shamba ni mtu mwingine kabisa, na juu yake kuna zuio. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, anaangalia midomo ya wakili. Alipoelezwa hakulia. Aliniuliza mimi, si wakili, "Kwa hivyo ulikuwa hujui?" Nikamwambia sikujua. Ni kweli sikujua. Lakini pia sikuuliza, na katika mbiu ya msiba mimi huuliza jina la marehemu mara tatu, jina la baba, mahali pa maziko, saa ya kutoka, ndipo nifungue spika. Kwa ploti sikuuliza hata mara moja.

Wakili ameandika barua. Wamejibu kwamba malipo ya kushikilia hayarudishwi na mengine yatashughulikiwa "mchakato ukikamilika". Tumeshaandika ya pili.

Nimesema kuhusu ujinga, niseme na kuhusu tamaa. Mama huyu hakutaka kuwa tajiri. Video haikumwahidi utajiri, na hapo ndipo ilipomshinda. Ingekuwa imemwambia pesa yake itazaa mara tatu angeshtuka, maana watu wa hapa wamekwisha kuungua na mambo hayo. Ilimwambia atapata mahali pa kuzikwa na wanawe.

Kwa mtu anayeletewa video kama hiyo nina ushauri mmoja, nao ni wa mtu wa sauti. Itazame mara ya kwanza umezima sauti kabisa. Utaona mambo ya ajabu: hakuna kibao cha kijiji, hakuna jirani, hakuna namba, magari hayapiti, na mtu yule yule anatokea mara mbili kavaa shati tofauti. Halafu igeuze simu kifudifudi usikilize bila kuona. Hesabu kwa vidole ni sentensi ngapi zinazotaja kitu ambacho unaweza kwenda kukiuliza mahali kesho asubuhi, kwa chifu, kwa msajili wa ardhi, kwa mzee mwenye mbuzi. Niliifanyia hivyo karatasi yangu ya kurasa mbili, ninayo bado, imekauka jasho ikawa na mawimbi. Nilipata tatu, na mbili kati ya hizo ni za bandari ya Lamu. Na ukitaka kununua baada ya hapo, nunua, ila nenda kwanza mwenyewe siku ya kazi, ubebe chakula chako.

Kwa vijana wa hapa wenye sauti nzuri, na mnazo, nawasikia kwenye kaswida na kwenye mechi za mtaa: mtafuatwa. Bei imepanda, nasikia sasa ni 8,000. Ulizeni namba ya kiwanja kabla ya kuuliza malipo. Nami nilitaka niwarudishie zao 3,000 waitoe sauti yangu. Nilimpigia yule kijana mpole. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, "Mzee wangu, sauti ulishaiuza." Nikamuuliza, na ile ya zimebaki tatu, hamjaimaliza? Akacheka kidogo, kicheko cha kuona haya, akaniambia yeye siku hizi yuko kampuni nyingine.

Jina langu unalo kwenye bahasha, Mhariri, na waliozoea kunisikia hapa mjini watanijua bila wewe kulichapisha. Naomba tu usilitie. Mama bado anauza mahamri, nami bado napita kwake asubuhi, ila siku hizi huwa nimezima spika tangu kona ya juu. Jana usiku nilikuwa dukani kununua mafuta ya taa. Mtoto wa mwenye duka alikuwa amelala juu ya gunia la mchele, simu usoni, anateleza kidole. Nikasikia dufu, nikasikia salamu yangu. Mtoto akanitazama, akatazama simu, akanitazama tena. Zimebaki tatu.

Mpiga mbiu,
Shela, Malindi